Kutoka Utasa hadi Ukomo: Historia ya Namba 2,147,483,647 na Funzo Lake kwa Sera za Kumbukumbu za Umma

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya namba moja, 2,147,483,647, tangu ilipotajwa bila uthibitisho wa kutosha mwaka 1603 hadi ilipogeuka kuwa ukomo wa hesabu ndani ya kompyuta. Hoja kuu ni kwamba namba hii imeainishwa kwa njia mbili zinazopaswa kutenganishwa. Njia ya kwanza ni ya sifa zinazotokana na namba yenyewe, hususani utasa wake, ambazo hazibadiliki kwa wakati wala kwa mpaka wa nchi. Njia ya pili ni ya sifa zinazotokana na uamuzi wa watu: kwamba namba hii haina manufaa, kwamba ndiyo mwisho wa hesabu, na kwamba jina lake ni bilioni au miliyari. Makala inahitimisha kwamba sifa za aina ya pili, kwa kuwa ziliamuliwa, zinaweza kuamuliwa upya, na kwamba nchi za ukanda wetu zina sababu mahususi za kufanya hivyo kabla ya mwaka 2038.

1.0 Utangulizi

Historia ya hisabati huandikwa mara nyingi kama historia ya watu na nadharia zao. Ni nadra kuandikwa kama historia ya namba moja. Hata hivyo, zipo namba chache ambazo zikifuatwa hatua kwa hatua huonesha jinsi maarifa yanavyozaliwa, yanavyodharauliwa na yanavyorejea kwa sura nyingine. Mojawapo ni namba inayopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 hadi kipeo cha 31, kisha kutoa moja: 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647.

Namba hii ina tarakimu kumi. Ni witiri na ni tasa, kwa maana kwamba haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Ni namba tasa ya nane katika kundi linaloitwa namba za Mersenne. Aidha, kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne (2⁵ − 1), na hadi leo zinajulikana namba tasa nne tu zenye sifa hiyo ya kurudia: 7, 127, 2,147,483,647 na 2¹²⁷ − 1. Mtaalamu wa kompyuta, kwa upande wake, anaijua kwa sifa nyingine kabisa: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa katika nafasi ya biti 32 yenye alama ya chanya na hasi. Makala hii inauliza sifa hizi mbili zilikutanaje, na makutano hayo yanawahusuje watunga sera.

2.0 Chimbuko: Swali la Namba Timilifu

Swali lililoizaa namba hii ni la kale. Wayunani waliita timilifu namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Namba 6 ni timilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6; vivyo hivyo 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Katika kitabu cha tisa cha Elements, takribani mwaka 300 K.K., Euclid alithibitisha kwamba iwapo 2ⁿ − 1 ni tasa, basi zao la namba hiyo na 2ⁿ⁻¹ ni namba timilifu. Kwa kanuni hiyo, kila namba tasa ya umbo hilo huleta namba timilifu moja.

Nicomachus wa Gerasa, karibu mwaka 100 B.K., aliorodhesha nne: 6, 28, 496 na 8,128. Wanazuoni walioandika kwa Kiarabu waliendeleza swali hilo. Katika karne ya 13 Ibn Fallus alitoa orodha ambayo namba zake saba za kwanza ni sahihi. Lugha yetu yenyewe imebeba alama ya mapokeo hayo, kwani maneno shufwa na witiri, tunayoyatumia shuleni kuainisha namba, yana asili ya Kiarabu.

Huko Bologna, Pietro Cataldi alichapisha mwaka 1603 kazi iliyothibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Mbinu yake ilikuwa kugawa namba husika kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Kisha akadai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo huleta namba tasa. Madai hayo hayakuwa na uthibitisho, na muda ulionesha udhaifu wake. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alionesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Baadaye Leonhard Euler alionesha kwamba 2²⁹ − 1 nayo si tasa. Vigawo vyake ni 233, 1,103 na 2,089. Katika madai manne ya Cataldi, likabaki moja tu: kipeo cha 31.

Wakati huohuo, mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne alikuwa ametoa orodha yake mwaka 1644. Alidai kwamba kwa vipeo visivyozidi 257, namba 2ⁿ − 1 ni tasa pale n inapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Orodha hiyo ilikuja kuonekana ina makosa matano: ilijumuisha 67 na 257 isivyostahili, na iliacha 61, 89 na 107. Hata hivyo ilimpa Mersenne heshima ya jina, na iliwaachia wanahisabati kazi ya karne tatu.

3.0 Uthibitisho wa Euler

Uthibitisho wa 2³¹ − 1 ulipatikana mwaka 1772. Euler, aliyekuwa St. Petersburg na ambaye uwezo wake wa kuona ulikuwa umekaribia kutoweka, aliueleza katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli. Inafaa kuutazama uthibitisho huo kwa karibu, kwa kuwa thamani yake haipo katika jibu pekee bali katika namna alivyopunguza kazi.

Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na sehemu. Kama namba hii si tasa, basi lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi 46,340. Kwa mbinu ya Cataldi, mtu angelazimika kuijaribu kila namba tasa iliyo chini ya hapo, na namba hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alitumia kanuni mbili. Ya kwanza: kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1, kikigawanywa kwa 62, lazima kibakize 1. Ya pili: kigawo hichohicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Kanuni hizo zikiunganishwa, kigawo hicho kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, na si kingine chochote.

Namba za maumbo hayo mawili, kuanzia 249 hadi 46,340, ni 372 tu. Nyingi kati yake zenyewe si tasa, hivyo zinaondolewa bila kujaribiwa. Hakuna iliyobaki inayoigawanya 2,147,483,647 bila baki. Hivyo namba hii ni tasa, na namba timilifu inayotokana nayo, 2,305,843,008,139,952,128, ikawa ya nane kujulikana. Tangu hapo hadi mwaka 1867, yaani kwa takribani karne moja, hakuna namba tasa kubwa zaidi iliyokuwa imethibitishwa duniani.

4.0 Hukumu ya "Kutokuwa na Manufaa"

Mwaka 1811, Peter Barlow, aliyefundisha hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya namba. Alipofika kwenye namba timilifu ya Euler alitoa utabiri kwamba hiyo ndiyo ingekuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Sababu aliyotoa haikuwa ya kihisabati. Alisema namba za aina hiyo ni za kutosheleza udadisi tu, hazina matumizi, na kwa hiyo hakuna mtu ambaye angejisumbua kutafuta nyingine.

Sehemu ya kwanza ya utabiri ilianguka katika karne ileile. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na mbinu aliyoiasisi ndiyo msingi wa majaribio yanayofanywa na kompyuta hadi leo. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionesha kwamba 2⁶⁷ − 1 ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne yenye kipeo cha 136,279,841, ambayo ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Sehemu ya pili ya utabiri, ile ya manufaa, inahitaji mjadala zaidi kwa sababu ndiyo inayofanana na maswali yanayoulizwa leo katika kamati za ugharamiaji wa utafiti. Barlow hakukosea kuhusu wakati wake. Mwaka 1811 namba hii kweli haikuwa na matumizi. Kosa lake lilikuwa kuhamisha hali ya wakati na kuifanya kuwa sifa ya kitu. Utasa ni sifa ya namba. Kutokuwa na manufaa ni taarifa kuhusu jamii inayoitazama namba hiyo, na jamii hubadilika.

5.0 Utasa Wapata Kazi

Mabadiliko hayo yalitokea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Watafiti walihitaji namba za nasibu kwa wingi ili kuiga ndani ya kompyuta mambo yasiyotabirika, kama vile foleni za wateja au uteuzi wa sampuli za takwimu. Kwa kuwa kompyuta hufuata maelekezo tu, namba hizo zilipaswa kuzalishwa kwa kanuni, na kanuni mbaya hurudia mfuatano uleule mapema.

Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walipendekeza kanuni kwa ajili ya kompyuta za IBM System/360: chukua namba, izidishe kwa 16,807, kisha igawanye kwa 2,147,483,647 na ubakishe baki, baki hilo ndilo namba inayofuata. Kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa, na kwa kuwa kizidisho 16,807 kimechaguliwa ipasavyo, mfuatano huo hupita katika namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Kama kigawanyo kisingekuwa tasa, kanuni ya umbo hilo isingeweza kupita katika namba zote hizo. Mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza kanuni hiyohiyo iwe kiwango cha chini ambacho kanuni nyingine zote zipimwe nacho.

Kwa hiyo uthibitisho uliofanywa kwa ajili ya udadisi mwaka 1772 ulikuja kuwa kiini cha zana ya takwimu baada ya takribani miaka mia mbili. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kauli hiyo inafaa kwa maarifa kuliko hata kwa nafaka.

6.0 Namba Yageuka Ukomo

Sifa ya pili, ya ukomo, ina chanzo tofauti. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na kila biti huwa 0 au 1. Wahandisi walizoea kugawa kumbukumbu katika nafasi za biti 8, 16, 32 na 64. Katika nafasi ya biti 32, ikiwa biti moja imetengwa kwa ajili ya alama ya hasi, hubaki biti 31, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 2³¹ − 1. Ukiongeza moja juu yake, mashine nyingi huruka hadi −2,147,483,648.

Kukutana kwa ukomo huu na utasa si jambo la lazima. Ukomo wa biti 16 ni 32,767, ambao ni zao la 7, 31 na 151. Ukomo wa biti 64 ni 2⁶³ − 1, nao unagawanyika kwa 7. Utasa uko katika namba. Ukomo uko katika mashine, na mashine imetengenezwa na watu.

Athari za ukomo huu zimeshaonekana. Mwaka 2014 mtandao wa YouTube ulilazimika kupanua kihesabu chake cha watazamaji baada ya video ya wimbo mmoja wa Korea Kusini kufikia ukomo huo. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba umeme wa ndege za Boeing 787 uzimwe na kuwashwa upya mara kwa mara, kwa kuwa kihesabu ndani ya vidhibiti vya jenereta kingejaa baada ya siku 248 mfululizo. Muda huo unalingana na mia za sekunde zipatazo 2,147,483,647.

Athari kubwa zaidi inahusu tarehe. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Palipotumika biti 32, hesabu itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na saa moja kabla ya hapo kwa saa za Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma tarehe ya Desemba 1901.

Si sahihi kudhani kwamba tatizo hilo litaanza mwaka 2038. Hati za kumiliki ardhi nchini Tanzania hutolewa kwa vipindi vya miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 inayoandikwa leo inaisha baada ya ukomo huo. Hali ni hiyohiyo kwa mtumishi kijana anayeandikishwa katika mfuko wa pensheni na kwa hatifungani ya muda mrefu. Mfumo unaokokotoa tarehe ya mwisho unaugusa mwaka 2038 siku ya kuandikisha.

Upo ukomo mwingine unaozikabili nchi zetu kwa uzito zaidi, nao ni wa fedha. Programu iliyobuniwa kwa sarafu yenye thamani kubwa, inayohifadhi kiasi kwa senti katika biti 32, hubeba zaidi ya dola milioni 21 katika muamala mmoja. Programu hiyohiyo ikitumika kwa shilingi hubeba shilingi milioni 21 tu na ushei. Hata pale senti zinapoachwa, ukomo huwa bilioni 2.1, ilhali bajeti za Tanzania na Uganda husomwa bungeni kwa matrilioni ya shilingi. Trilioni moja ni zaidi ya mara 465 ya namba ya Euler. Namba ni ileile katika kila nchi, lakini uamuzi wa mbunifu aliye mbali huanza kumdhuru yule ambaye sarafu yake ina thamani ndogo.

7.0 Jina la Namba Mipakani

Uainishaji wa mwisho unahusu jina. Katika Kiswahili cha Kenya, Tanzania na Uganda namba hii husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Bilioni hapo ni milioni elfu moja. Lakini katika Kifaransa, ambacho ni lugha ya elimu na utawala nchini Kongo na Burundi, milioni elfu moja huitwa milliard, na bilioni ni milioni milioni moja; Ufaransa ilithibitisha matumizi hayo kisheria mwaka 1961. Kinyarwanda nacho hutumia miliyari. Uingereza ilikuwa na utata wa namna hiyo hadi mwaka 1974, serikali yake ilipotangaza kwamba katika takwimu rasmi bilioni ni milioni elfu moja.

Tangu Rwanda na Burundi zijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, mapokeo hayo mawili yanakutana katika Kiswahili kimoja. Msomaji aliyesomea Bukavu na mwenzake aliyesomea Mwanza wanaweza kusoma neno bilioni katika waraka mmoja wa Kiswahili na kila mmoja akaelewa kiasi tofauti, na tofauti hiyo ni ya mara elfu moja. Hapa pia hakuna kosa la namba. Kuna makubaliano ambayo bado hayajafanywa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inatenganisha aina mbili za kauli kuhusu namba 2,147,483,647. Kauli kwamba ni tasa ilikuwa kweli kabla ya Cataldi kuidai, na itabaki kweli baada ya kompyuta za leo kusahaulika. Kauli kwamba haina manufaa, kwamba ndiyo ukomo na kwamba inaitwa bilioni mbili na ushei ni maamuzi ya watu wa mahali na wakati fulani. Mtafiti anayechanganya aina hizo mbili hurudia kosa la Barlow. Mtunga sera anayezichanganya huchukulia kikwazo kilichotengenezwa kana kwamba ni maumbile.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya ununuzi wa mifumo ya umma, hususani ya ardhi, pensheni, kodi na usajili wa raia, itaje bayana kwamba tarehe na kiasi cha fedha vihifadhiwe katika nafasi ya biti 64 au zaidi, na mifumo iliyopo ikaguliwe kwa kigezo hicho sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu una tarehe inayojulikana hadi sekunde. Pili, vyombo vya lugha vya ukanda vikubaliane kuhusu majina ya namba kubwa, na hadi hapo nyaraka za pamoja ziandike kiasi kwa tarakimu zote kando ya maneno. Tatu, vyuo vikuu vyetu visipime utafiti wa hisabati halisi kwa matumizi ya siku ya kuwasilishwa. Kamati ya mwaka 1811 isingemgharamia Euler. Wanatakwimu wa mwaka 1969 walimhitaji, na jibu lake lilikuwa tayari likiwangoja.